Kumpokea Mtoto Mwenye Ulemavu Kundini: Mwongozo Kamili kwa Walimu, Walezi na Wazazi

Mtoto mwenye ulemavu akikaribishwa mchezoni, mara nyingi huishia kupewa saa ashike, mabao ahesabu au viatu vya wenzake alinde. Anapigiwa makofi, anasifiwa, kisha anarudi nyumbani bila kuugusa mpira. Waliomkaribisha hawakukosa moyo, walikosa maandalizi, na maandalizi ndiyo yanayoelezwa hapa: nini kifanyike kabla mtoto hajafika, wakati yupo na watoto wenzake, na baada ya siku ya kwanza. Yanafaa darasani, kwenye kikundi cha michezo, kwenye sherehe ya watoto au pale nje ya nyumba watoto wa majirani wanapokutana.

Katika kila hatua jiulize: mtoto huyu akiondoka sasa hivi, je, wenzake watapungukiwa na kitu? Kama shughuli itaendelea vilevile, basi yupo kundini kwa mwili tu.

Usidhani pia kwamba mwongozo huu unakuhusu siku atakapokuja mtoto wa kiti cha magurudumu peke yake. Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 240 duniani wana ulemavu, takribani mmoja kati ya kila kumi. Wengi wao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Yule anayeitwa mvivu kwa sababu hanakili ubaoni huenda haoni vizuri, na yule anayeitwa mkaidi huenda hasikii.

Kabla hajafika: zungumza naye na mlezi wake

Panga mazungumzo ya nusu saa, siku kadhaa kabla. Mtoto awepo, na maswali yanayomhusu aulizwe yeye kwanza, hata kama mlezi ndiye atakayejibu mengi. Ukimuuliza mama "Anapenda nini?" huku mtoto ameketi pembeni, tayari umemfundisha kwamba hapa ataongelewa, hataongea.

Uliza haya:

- Unapenda kucheza nini? Kitu gani hukitaki kabisa?
- Unasemaje "ndiyo", "hapana", "nimechoka" na "nataka kwenda chooni"? (Kuna watoto wanaojibu kwa kupepesa macho, kwa ishara au kwa kugusa picha. Usipozijua njia hizi nne za mwanzo, siku nzima itaharibika.)
- Chooni na wakati wa kula unahitaji msaada gani, na nani unamruhusu akusaidie?
- Kuna dawa, kifafa, mzio, au sehemu ya mwili isiyohisi maumivu?
- Ukizidiwa na kelele au uchovu, dalili ya kwanza ni ipi? Nini hukutuliza?
- Ungependa wenzako waambiwe nini juu ya ulemavu wako, na nani awaambie?

Swali la "Alipatwa na nini?" liache. Halikusaidii kupanga chochote, na wazazi wengi wameshalijibu mara nyingi mno, wakiwa na uchungu. Unachohitaji kujua ni namna anavyofanya mambo.

Pima mahali kwa futi kamba, usikisie

Kwa kiti cha magurudumu, upana wa kupita mlango ukiwa wazi usipungue sentimita 80. Kukigeuza mzunguko kamili kunataka uwazi wa kama sentimita 150 kwa 150, kwa hiyo madawati yasogezwe siku iliyotangulia, asije mtoto akafika akasimama mlangoni huku watu wazima wakibeba meza na watoto wote wakimtazama. Mteremko wa kuingilia uwe wa 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 hudai mteremko wa sentimita 180. Ubao mfupi uliowekwa haraka huwa mkali mno, na kiti huweza kupinduka kwa nyuma wakati wa kupanda.

Choo ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Mtoto asiyeweza kukifikia hunywa maji kidogo makusudi au hubaki nyumbani, nawe utadhani hapendi kuja. Pita njia yote kutoka uwanjani hadi chooni ukiwa umeketi kwenye kiti chenye magurudumu, au angalau ukiiangalia kwa kimo cha mtoto: kizingiti, changarawe, bomba la maji lililo juu, komeo lisilofikika.

Kwa mtoto asiyeona, muhimu ni vitu kutohamahama. Mpitishe mahali palipo tupu kabla wenzake hawajafika, aguse mlango, kiti chake, ukuta wa kufuata na choo. Baada ya hapo, anayehamisha kitu amwambie. Milango iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa, kwa kuwa mlango ulio nusu wazi ndio unaompiga usoni.

Mtoto mwenye ualbino huwa na uoni hafifu na macho yanayoumizwa na mwanga. Mkalishe mbele, dirisha likiwa nyuma yake, na mruhusu kusogea hadi ubaoni au kushika kitabu karibu na pua. Hilo halimharibu macho. Kukaa mbele peke yake huwa hakutoshi, hivyo soma kwa sauti kila unachoandika. Akiwa nje avae kofia yenye ukingo mpana pande zote, mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi, ipakwe tena kila baada ya saa mbili. Lililo bora zaidi ni kuhamishia mchezo wa wote kivulini, au asubuhi na jioni, ili asikae yeye mmoja chini ya mti akiwatazama.

Waambie watoto wengine ukweli, kwa dakika kumi

Watoto huuliza. Ukiwanyamazisha kwa "Shh, usiangalie!" unawafundisha kwamba ulemavu ni aibu. Wajibu kifupi, kwa maneno aliyoyaridhia mwenyewe: "Misuli ya miguu yake haipokei vizuri amri kutoka kwenye ubongo, ndiyo maana anatumia kiti. Kiti ni miguu yake, kwa hiyo tusikiegemee wala kukisukuma bila ruhusa." Kisha taja jambo moja analopenda, linalofanana na lao. Inatosha. Hotuba ndefu humgeuza kuwa somo la siku.

Sipendekezi zoezi la kuwafunga watoto vitambaa machoni ili "waonje" upofu. Wanachoonja ni hofu ya dakika tano ya mtu asiyejua njia, na wanatoka wakiamini kwamba mtoto asiyeona huishi kwenye hofu hiyo kila siku. Wafundishe ufundi badala yake: namna ya kumwongoza, namna ya kupitisha mpira, ishara chache za mikono.

Maneno nayo yana uzito. "Zeruzeru", "taahira", "punguani" na "bubu" yasitamkwe hata kwa utani, na unapoyasikia yarekebishe palepale bila kupayuka: "Tunasema mtoto mwenye ualbino. Na jina lake unalijua, mwite kwa jina." Neno "kiziwi" ni jingine, viziwi wengi wenyewe hulitumia na kulionea fahari, pamoja na lugha yao ya alama. Ukiwa na shaka, muulize mhusika.

Usimteue pia "rafiki maalumu" mmoja wa kumtunza kila siku. Huyo mmoja huchoka na wengine wote hujiona wamesamehewa. Gawanya kazi kwa zamu, na yeye mwenyewe awe na zamu ya kumsaidia mwingine.

Mawasiliano: hapa ndipo penye kazi kubwa

*Mtoto kiziwi au asiyesikia vizuri.* Mvute macho kwanza: mguse bega taratibu, punga mkono, au washa na uzime taa mara moja. Simama umbali wa mita moja hadi mbili, uso wako uwe kwenye mwanga. Ukisimama na dirisha mgongoni, uso wako huwa kivuli na midomo haisomeki. Usiongee ukiandika ubaoni. Usipige kelele, kwa maana sauti kali hupotosha umbo la midomo, na kama amevaa shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti, humuumiza. Kifaa hicho hukuza kila sauti, pamoja na viti vinavyoburuzwa, hivyo kitambaa au mpira kwenye miguu ya viti humsaidia kuliko unavyodhani. Katika mazungumzo ya kundi aongee mmoja mmoja, tena akiwa amenyoosha mkono ili kiziwi ajue pa kuangalia. Asipoelewa, sema kwa maneno mengine, na kamwe usimwambie "Basi, si kitu." Neno hilo humfungia mlango.

Lugha za alama hutofautiana nchi na nchi. Mwombe kiziwi mtu mzima awafundishe watoto wote ishara kumi za kuanzia: jina la kila mmoja, njoo, subiri, zamu yako, pole, asante, tena, acha, chooni, nzuri. Watoto hujifunza upesi kuliko walimu wao.

*Mtoto asiyeona.* Jitaje unapofika na sema unapoondoka, asije akaendelea kuongea na hewa. Acha "pale" na "hivi", sema "mkono wako wa kulia, hatua mbili". Unapomwongoza, yeye ndiye akushike: kifundo cha mkono kama ni mdogo, juu ya kiwiko kama amekua. Wewe utangulie nusu hatua. Ukifika kwenye ngazi simama, sema kama inapanda au inashuka. Kumsukuma kwa nyuma au kumkokota kwa fimbo yake nyeupe kunamwondolea namna ya kujua kilicho mbele.

*Mtoto mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy, yaani ubongo kushindwa kuongoza misuli vizuri) anayeongea kwa shida.* Mwili wake kutotii hakuoneshi kiasi cha akili yake. Wapo wanaoelewa kila neno unalosema juu yao. Uliza swali moja, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujasema tena. Sekunde kumi ni ndefu ajabu, na wengi wetu hukata tamaa kwenye ya tatu, ndipo mtoto hurudi mwanzo. Usimmalizie sentensi. Usijifanye umeelewa, mwambie ulichokipata: "Nimesikia 'mpira'. Sikupata neno la pili, nioneshe." Asiyeongea kabisa mtengenezee kadi ngumu yenye picha sita hadi tisa za kuanzia. "Hapana" na "acha" ziwemo. Kadi zenye "chakula" na "maji" tu humfanya mtoto awe mwombaji asiyeweza kukataa.

*Mtoto mwenye usonji (autism) au ulemavu wa akili.* Agizo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache na kitendo: "Chukua kikombe." Akimaliza, ndipo agizo la pili. Tundika ratiba ya picha inayosomeka kutoka juu kwenda chini, na kila jambo likiisha atoe picha yake. Kabla ya kubadilisha shughuli, toa tahadhari ya dakika tano, kisha ya dakika mbili. Vurugu nyingi zinazoitwa utundu huzuka pale mtoto alipokatizwa ghafla. Usimlazimishe kukutazama machoni, wala usimzuie kupepesa mikono au kujitikisa ikiwa haumizwi mtu, ndivyo anavyojituliza. Tenga kona tulivu yenye mkeka na mwanga hafifu, ambayo mtoto yeyote anaweza kwenda apendapo. Siku utakayoitumia kona hiyo kumwadhibu mtu, imekwisha kazi yake.

Kusaidia bila kunyang'anya

Uliza kabla ya kugusa: "Nikusaidie? Vipi?" Akisema hapana, ondoka. Kufunga kifungo cha shati kunaweza kumchukua dakika nne. Anza maandalizi dakika nne mapema kuliko kumfungia wewe kila siku hadi afike ukubwani bila kujua.

Kiti cha magurudumu kina kanuni zake. Funga breki kabla hajahamia au kushuka, na hakikisha miguu ipo juu ya vikanyagio kabla ya kukisukuma, la sivyo mguu huchomoka na kukunjwa chini ya kiti. Mteremko mkali ushuke kinyumenyume, wewe ukiwa upande wa chini. Usikinyanyue kwa kushika sehemu za mikono, kwani nyingi huchomoka. Unapozungumza naye zaidi ya dakika moja, chuchumaa au keti.

Kubadilisha mchezo

Vitu vinne vinaweza kubadilishwa: nafasi, kifaa, kanuni na idadi ya wachezaji. Anza na badiliko dogo kuliko yote, jaribu dakika tano, ndipo uongeze.

Kukimbizana hubadilika kwa urahisi. Punguza uwanja, kisha kila mtu atembee kwa kugusanisha kisigino na vidole. Mwenye magongo sasa anaweza kumkamata yeyote. Mpira wa wavu uchezwe wote mkiwa mmeketi chini, kamba ikiwa usawa wa kama mita moja, na makalio yasiinuke unapopiga. Huo ni mchezo halisi wa Paralimpiki, na watoto wanaotembea huona haraka kwamba mwenzao aliyezoea kusogea kwa mikono anawazidi.

Kwa mtoto asiyeona, tia njuga ndani ya mpira, au ufunge mpira ndani ya mfuko unaochakarika. Mpira ubiringike chini, usirushwe, na watazamaji wanyamaze kabisa wakati wa mchezo. Makelele ya kumshangilia humpofusha mara ya pili. Mtoto kiziwi hasikii filimbi, kwa hiyo mwamuzi apunge kitambaa chenye rangi kali anapopuliza. Mwenye uoni hafifu apewe mpira unaopingana rangi na uwanja: wa njano juu ya nyasi, mweusi juu ya mchanga. Mpira uliopunguzwa upepo kidogo huenda polepole na kushikika vizuri na vidole vilivyokakamaa. Kuruka kamba kunamfaa aliye kwenye kiti akiwa mzungushaji, ila azungushe kwa zamu kama wengine, na zamu yake ya "kuruka" iwe kuvuka kamba inayoyumbishwa chini huku akiliendesha gurudumu kwa wakati wake.

Jihadhari na kanuni ya huruma: "Bao halihesabiwi mpaka yeye auguse mpira," au kipa kuuachia mpira upite makusudi. Watoto hugundua mara moja, na yeye hugundua wa kwanza. Badilisha kanuni kwa wote, kisha mwache ashindwe na ashinde kihalali. Na waulize watoto wenyewe, "Mchezo huu ukoje ili kila mtu acheze?" Mapendekezo yao mara nyingi ni rahisi kuliko yetu.

Yanayohatarisha

Mtoto mwenye mgongo wazi (spina bifida, yaani aliyezaliwa uti wa mgongo haukufunga vizuri) huenda hahisi miguu. Asiketi kwenye zege lenye moto wala karibu na jiko, kwa kuwa ataungua bila kujua. Anayekaa kitini muda mrefu ajiinue au ainuliwe kidogo kila baada ya dakika 15 hadi 30, kuzuia vidonda vya kukandamizwa. Wenye mgongo wazi wamo kwenye hatari kubwa ya kuwa na mzio wa mpira asilia, ambao huweza kuwa mkali, kwa hiyo maputo ya kawaida na glavu za mpira visiwepo kabisa kwenye sherehe, hata kama hatavigusa.

Mtoto mwenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada) anaweza kuwa na maungio ya mifupa ya shingo yaliyolegea. Kupinduka kichwa chini na kuruka kwenye trampolini kusubiri ruhusa ya daktari. Betri ndogo za shimesikio zisiachwe ovyo: mtoto akimeza mojawapo apelekwe hospitali mara moja. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilishwe na mtu ambaye mlezi hajamwelekeza. Alishwe ameketi wima, kijiko kidogo, na asilishwe akicheka au kichwa kikiwa kimelala nyuma. Chakula huingia njia ya hewa.

Kifafa kikimshika mtoto, tazama saa. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza ukosi. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane asitikisike. Mtetemo ukiisha mlaze ubavu. Ukizidi dakika 5, ukirudia kabla hajazinduka, akiumia, akipumua kwa shida, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali. Mate na povu haviambukizi kifafa, waambie watoto hivyo waziwazi. Mtoto mmoja alete kanga au shuka ya kumfunika kama amejikojolea, wengine waendelee na mchezo mahali pengine, na akizinduka amkute mtu anayemjua.

Akidhihakiwa

Chukua hatua saa hiyohiyo. Simama kati yao, taja kitendo chenyewe kwa sauti ya kawaida ("Umeiga anavyotembea, hapa hatufanyi hivyo"), na mwondoe aliyedhihaki. Usimwondoe aliyedhihakiwa kwa kisingizio cha kumlinda, maana ndiye atakayekuwa ameadhibiwa. Baadaye ongea na kila mmoja peke yake. Usimlazimishe mkosaji kuomba radhi mbele ya wote siku hiyo. Mpe kazi ya kurekebisha: aandae uwanja wa kesho pamoja naye. Waliocheka pembeni waongelewe pia. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na mahali, na ikijirudia mara ya pili wazazi wa pande zote waitwe. Mtoto mwenye ulemavu akianza ghafla kuogopa mtu mzima fulani, kukataa kuvuliwa nguo au kujikojolea upya, usiyahusishe na ulemavu wake. Msikilize faraghani kwa njia anayoiweza, kwa picha au ishara, na toa taarifa kwa wahusika wa ulinzi wa watoto.

Siku ya kwanza ikiisha

Muulize mwenyewe maswali matatu, kabla ya kumuuliza mlezi: Lipi ulilipenda? Wapi ulikwama? Kesho tubadilishe nini? Chagua badiliko moja tu, lifanye kabla ya kikao kinachofuata, kisha mwoneshe kwamba limefanyika. Kwa wiki nne za mwanzo weka daftari lenye safu tatu: nani alicheza naye bila kuagizwa, mara ngapi yeye alianzisha jambo, na dakika ngapi alikaa pembeni. Safu ya tatu isipopungua kufikia wiki ya pili, rudi kwenye futi kamba na orodha ya maswali kabla ya kuanza kumtilia mashaka mtoto.